Kiti Kina Mwenyewe

(Hotuba kwa akina mama na wazee wa makanisa ya jirani, Uasin Gishu, siku ya kuombea amani kabla ya mwaka wa uchaguzi)

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mchungaji ameniomba nizungumze juu ya kumtumaini Mungu anayetawala hata nchi inapowaka. Nimeomba nizungumze nikiwa nimeketi, maana magoti yangu si ya jana, naye amekubali. Basi nivumilieni.

Nianze na sentensi ambayo nyote mnaijua: Kazi ya Mungu haina makosa. Tunaiandika kwenye matangazo ya vifo, tunaisema tukifika kwa wafiwa, tunaituma kwa simu tunapokosa la kusema. Mimi naiamini. Naomba mlijue hilo kabla sijaendelea, mtu asitoke hapa akasema mama yule amemkana Mungu. Naiamini kwa moyo wangu wote. Lakini siku niliyoambiwa mimi, ilinikata.

Ilikuwa Februari 2008, pale uwanja wa maonyesho wa Eldoret, tulikokimbilia vurugu za baada ya uchaguzi. Wengine wenu tulikuwa pamoja. Mnakumbuka yale mahema, matope, foleni ya maji, na baridi ya usiku isiyomhurumia mtu aliyelala chini. Kitindamimba wangu alikuwa na miaka mitano. Alianza na kikohozi. Siku ya tatu kifua kikawa kinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Siku ya tano akanyamaza. Homa ya mapafu. Tulipotoka kumzika akaja mgeni, mtu wa kanisa, amevaa koti zuri, gari lake limeachwa linanguruma barabarani. Akanishika bega, akasema, "Mama, kazi ya Mungu haina makosa." Kisha akatazama saa yake.

Sikumjibu. Lakini kwa miaka mingi nimejiuliza ni nini hasa kilichoniuma, maana neno lenyewe ni la kweli. Jibu nililolipata ni hili. Neno la kwamba Mungu anatawala halisemwi na aliye kivulini kumwambia aliye juani. Aliye juani ndiye atakayelisema mwenyewe, siku atakayoweza. Ikiwa bado hawezi, tuketi naye, tumpe maji, tunyamaze.

Fungueni Mwanzo sura ya 50, kuanzia mstari wa 15.

Yakobo amekufa. Wanawe wamekwenda kumzika Kanaani, wamerudi Misri, na sasa wale ndugu wameshikwa na hofu. Wanaambizana, huenda Yusufu alikuwa akingoja mzee aondoke. Sisi watu wa huku tunaijua hofu hiyo. Kuna amani nyingi zilizoshikiliwa na mzee mmoja, na akishawekwa kaburini watu huanza kuangaliana. Basi wanatuma ujumbe, kisha wanakuja wenyewe na kuanguka mbele yake. Yusufu analia. Anawaambia, "Msiogope, je! Mimi ni badala ya Mungu?" Baada ya hapo ndipo linapokuja lile neno tunalolipenda, kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema.

Wahubiri tunalikimbilia hilo neno la mabaya kugeuzwa kuwa mema. Ni tamu, na linafaa mahubiri ya dakika kumi. Lakini hebu tuhesabu miaka. Alipouzwa, Yusufu alikuwa na miaka 17, sura ya 37 inasema. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na 30. Ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa ndipo alipojitambulisha kwa nduguze, ana kama 39. Hapo, sura ya 45, ndipo kwa mara ya kwanza tunamsikia akisema kwamba Mungu ndiye aliyempeleka Misri. Ni miaka 22 tangu shimoni. Yakobo akaishi Misri miaka 17 zaidi, kwa hiyo maneno haya ya sura ya 50 anayasema akiwa na miaka 56 hivi. Miaka 39, wapendwa, tangu siku aliyovuliwa kanzu.

Na kule shimoni alisema nini? Sura ya 37 haituambii. Inatuambia tu kwamba nduguze waliketi kula chakula. Lazima ufike sura ya 42, wao wenyewe wanapokumbuka wakiwa na hofu Misri, ndipo unapata habari kwamba waliiona shida ya nafsi yake alipowasihi na hawakumsikiliza. Kumbe alisihi! Kijana wa miaka 17 yuko chini gizani anawaita kaka zake kwa majina, nao juu wanamega mkate. Hakuimba pambio mle. Hakuna aliyeinama ukingoni kumwambia kwamba siku moja ataona faida yake.

Hata alipokuwa mtu mkubwa, amevishwa pete ya Farao, mwanawe wa pili akamwita Efraimu, kwa kuwa Mungu amemzidishia uzazi katika nchi ya mateso yake. Sikilizeni vizuri. Ana gari la farasi, ana mke, ana watoto, na bado Misri anaiita nchi ya mateso yangu. Hakulazimisha ulimi wake kusema kwamba yote yalikuwa heri. Nimeyahesabu machozi ya Yusufu katika kitabu hiki: analia mara saba, na zote saba ni baada ya kupata cheo. Mtu anaweza kuwa ameshatoka shimoni miaka mingi, na shimo halijamtoka.

Basi nawaomba, hasa ninyi wachungaji na viongozi wa vikundi vya akina mama: msimdai mtu sura ya 50 naye bado yuko sura ya 37. Yule mama aliyempoteza kijana wake katika maandamano ya Juni 2024, kijana aliyetoka nyumbani na bendera na chupa ya maji, usimfikie na sentensi. Mfikie na unga. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo nayo ni sala ya mtu anayeamini kwamba Mungu anatawala. Asiyeamini hana wa kumwuliza.

Sasa turudi kwenye neno tulilolipita haraka. Je, mimi ni badala ya Mungu?

Kwetu nyumbani baba alikuwa na kiti chake. Hakikuwa kiti cha maana. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya, na ngozi ya kukalia ilikuwa imelegea ikafanya shimo. Lakini hata baba akisafiri wiki mbili, kiti kile hakikaliwi. Akija mgeni tunamletea kingine, au tunageuza ndoo. Hatukuwa na askari wa kukilinda. Tulijua tu kwamba kina mwenyewe, na kwamba mwenyewe atarudi.

Yusufu siku ile ana kila kitu. Ana ngano, ana askari, ana gereza analolijua kila kona. Waliomwuza wako chini miguuni pake, na mzee aliyekuwa akiwakinga amelala kaburini. Hakuna mtu Misri angemwuliza. Naye anautazama ule uwezo wa kuamua huyu aishi na huyu afe, anaona kiti kile kina mwenyewe, anakataa kukikalia. Kumtumaini Mungu anayetawala, kwangu mimi, kunaanzia hapo. Sijaelewa kwa nini mtoto wangu alikufa, na sitawadanganya kwamba nimeelewa. Ninachojua ni kwamba sikuachiwa kazi ya kulipa.

Habari za kiti hiki nilizipata mapema, kabla sijajua kwamba ni somo. Nilizipata kwa cucu yangu, mama mzaa baba, kule Murang'a, mji ambao Waingereza waliuita Fort Hall. Cucu alikuwa miongoni mwa ndugu wa uamsho, wale waliookoka kwa ule moto uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukatufikia Kenya. Walikuwa watu wa kutubu waziwazi. Mtu aliiba jembe mwaka 1935, anaokoka, analirudisha na mpini mpya.

Oktoba 1952 gavana Baring akatangaza hali ya hatari. Ndugu hawa wakajikuta katikati, kama punje kwenye jiwe la kusagia. Watu wa msituni, wapiganaji wa Mau Mau, walitaka kila mtu ale kiapo. Ndugu wakakataa, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuongeza damu nyingine juu yake. Serikali nayo iliwataka wachukue silaha, wawe walinzi wa upande wake. Wengi wao wakakataa na hilo. Kwa hiyo usiku waliitwa wasaliti na hawa, na mchana wakaitwa wasaliti na wale.

Sitaki mtu anisikie nikiwasema vibaya waliopigania ardhi. Ardhi ilikuwa imechukuliwa kweli. Serikali ya mkoloni iliwanyonga watu 1,090 katika vita vile. Zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro yenye miti iliyochongwa. Kule kambi ya kizuizini ya Hola, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Ilichukua hadi Juni 2013 kwa serikali ya Uingereza kusema bungeni kwamba ndiyo, watu waliteswa, na kukubali kuwalipa wazee 5,228. Nayasema haya kwa sababu kuna watu wanaotumia enzi ya Mungu kufunika dhuluma ya wakubwa. Mungu hakuwatuma wale maafisa wapige watu. Walijituma wenyewe, na watajibu wenyewe.

Babu aliitwa nje usiku mmoja wa mwaka 1953. Waliomwita walimwita kwa jina, kwa upole, kama mtu anayekuja kuomba moto wa jikoni. Hakurudi. Na cucu aliitambua sauti ile.

Aliishi nayo miaka 45. Alikutana nayo sokoni. Aliisikia ikisalimia watu mazishini. Mara moja, baba yangu aliniambia, aliisikia ikiitikia amina nyuma yake kanisani. Tulipomwuliza ni nani, alijibu vilevile kila mara, "Huyo nimempeleka kwa Mwenyewe." Na akaendelea kumenya viazi.

Kuna kanisa kuu pale Murang'a lililojengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa miaka ile. Ndani yake kuna picha tano kubwa za ukutani alizochora Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Kristo wake ni Mwafrika, na anazaliwa katika nyumba ya Kikuyu. Cucu alinipeleka nikiwa msichana. Nilidhani atakaa mbele ya ile ya msalaba. Hakukaa. Alisimama mbele ya ile ya Gethsemane, amebeba kikapu chake mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, hakukitua. Akasema kwa sauti ndogo, "Hata huyu aliomba kikombe kiondoke." Kisha tukatoka kwenda kununua chumvi. Hadi leo hakuna mahubiri juu ya enzi ya Mungu niliyoyasikia yakayazidi maneno hayo.

Lakini kuna jambo sikubaliani na cucu, na nitalisema ingawa amelala. Kule kunyamaza kwake kulitugharimu. Sisi wajukuu tulikua tukimkodolea macho kila mzee wa kijiji, tukijiuliza, ni huyu? Tuliwashuku wazee kumi ili tusimkose mmoja. Kumwachia Mungu kiti chake ni jambo moja. Kuuficha ukweli chini ya mkeka ni jambo lingine, na watu wengi wa Mungu wameyachanganya haya mawili.

Yusufu hakuyachanganya. Alipowaona nduguze hakuwakumbatia siku hiyohiyo. Aliwajaribu. Alikificha kikombe katika gunia la Benyamini aone kama watamtupa mtoto wa Raheli mara ya pili. Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kuuza, akasimama akaomba abaki yeye awe mtumwa, kijana arudi kwa baba yake. Hapo ndipo Yusufu alipowatoa Wamisri wote nje, akapaza sauti akalia. Na alipojitaja alisema yeye ni ndugu yao, ambaye wao walimwuza aende Misri. Ndugu yenu. Mliniuza. Yote mawili kwa pumzi moja, bila kuliruka lolote.

Ndiyo maana sijawahi kumwambia mtu yeyote wa Kiambaa, hapa karibu na Eldoret, asiende mahakamani. Mnajua yaliyotokea pale Januari 1, 2008, kanisa likachomwa na watu wamo ndani, wengi wao akina mama na watoto waliodhani kwamba mahali pa Mungu hapaguswi. Kesi iliamuliwa Nakuru mwaka 2009. Washtakiwa wanne wakaachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha, na jaji akaulaumu upelelezi. Zile kesi kubwa za The Hague nazo zikafungwa moja baada ya nyingine, ya mwisho Aprili 2016, bila mtu kuhukumiwa kwa mauaji yenyewe. Watu zaidi ya 1,100 walikufa Kenya nzima, tume ya Jaji Waki iliwahesabu. Mimi nililia siku ile ya Aprili. Nilimwambia Mungu, wewe unayetawala, hata hii? Mahakama ya wanadamu ni zawadi yake, na tunapaswa kuidai ifanye kazi. Inapokataa kufanya kazi, kiti cha juu hakijaachwa wazi. Lakini msiniombe niseme kwamba hainiumi.

Sasa niseme jambo gumu zaidi, na naomba mnitazame usoni. Mimi ni Mkikuyu. Nusu yenu humu ndani ni Wakalenjin. Nilipochomewa nyumba, waliochoma walikuwa wa upande wenu. Lakini wiki chache baadaye, Januari 27, kule Naivasha, watu wa upande wangu waliwafungia Waluo ndani ya nyumba wakaitia moto, na humo walikuwemo watoto. Nilizisikia habari hizo kwenye redio pale uwanjani, na karibu yangu mtu akapiga makofi. Wapendwa, nami mkono wangu uliinuka. Haukupiga, lakini uliinuka. Tangu siku hiyo sijaweza kuhubiri kama mtu ambaye hana doa.

Na kuna hili la shamba. Baba alilinunua kihalali, kwa pesa za kuuza kahawa na kwa kampuni ya kununua mashamba, na risiti ninazo. Lakini wazee wenu wanasema mzungu aliwafukuza babu zao hapa, na alipoondoka ardhi ikauzwa badala ya kurudishwa. Wanasema kweli. Risiti yangu ni ya kweli, na kilio chao ni cha kweli. Sijui serikali gani itakuja kuyapatanisha hayo mawili. Ripoti ya tume ya ukweli, haki na maridhiano ilikabidhiwa Mei 2013, na dhuluma za ardhi zimejaa humo. Itoeni kabatini, wakubwa. Sisi huku chini tunaishi juu ya jambo ambalo ninyi mmelikalia.

Mwaka 2027 unakuja. Nyote mnakumbuka jioni ile ya Desemba 30, 2007, matokeo yalivyotangazwa na rais akaapishwa jua likitua, na kabla hatujala chakula cha usiku moshi ulikuwa umeanza kuonekana upande wa pili wa mto. Safari hii moshi utaanzia kwenye simu. Kijana wako akikuletea ujumbe kwamba watu fulani wanapanga jambo fulani, mwambie akutajie aliyeona kwa macho yake. Asipomjua, ufe hapohapo mkononi mwako. Na ukisikia mtu anasema Mungu amewapa watu wetu nchi hii, mkatae, hata akiwa na kola ya uchungaji. Huyo ameshakikalia kiti.

Nimebakiza kisa kimoja, na nitakaa hapo kidogo.

Tulirudi shambani Juni 2008. Serikali ilitupa shilingi elfu kumi za kuanzia na ikaahidi elfu ishirini na tano za kujenga. Nyumba ilikuwa kuta nyeusi na bati zilizojikunja kama majani makavu. Lakini mlango haukuwepo, wala majivu yake. Mnajua, nyumba huporwa kwanza ndipo ichomwe. Ulikuwa mlango wa mbao za mvule, baba watoto aliununua tulipopata mavuno mazuri, nikaupaka rangi ya buluu kwa mkono wangu. Kwenye ukingo wake, upande wa komeo, nilikuwa nikiwapima watoto kila Krismasi na kukata alama ndogo kwa kisu. Ya chini kabisa ilikuwa ya kitindamimba. Niliikata Desemba 25, siku mbili kabla ya kura.

Wiki ya pili nikauona. Ulikuwa kwenye nyumba ya jirani yangu, ng'ambo ya shamba la mahindi. Walikuwa wameupaka rangi ya kijani, lakini mtu haupotezi mlango wake. Mama yule alinikuta nikiutazama. Akaingia ndani, akaufunga.

Miaka saba nilipita mbele ya mlango ule nikienda kuteka maji. Sitawaambia kwamba nilipita nikiomba. Siku nyingine nilipita nikihesabu ni lita ngapi za mafuta ya taa zingetosha. Jioni nilikuwa nikipiga magoti na kusema, "Bwana, kiti ni chako, lakini mimi nimesimama karibu nacho sana, nisukume nyuma." Hiyo ndiyo imani niliyokuwa nayo. Ilikuwa ya jioni moja kwa jioni moja, na asubuhi ilikuwa imekwisha.

Mwaka 2015, msimu wa mvua ndefu, mtu alinigongea usiku wa manane. Alikuwa mtoto wa jirani yule, amelowa mpaka mifupa. Mkewe yuko katika uchungu, mtoto anatanguliza miguu, barabara imekatika, pikipiki haipiti. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na mama yangu alinifundisha ukunga. Nilivaa gambuti nikatoka. Njia nzima sikuwaza chochote ila miguu ya mtoto.

Nilipofika, taa ya ndani ilikuwa hafifu. Nikaweka mkono kwenye ukingo wa mlango nisukume, na kidole changu kikaingia kwenye alama. Chini ya rangi yao ya kijani, ile alama ilikuwepo. Usawa wa komeo. Nilisimama pale. Mvua inanipiga mgongoni, ndani mwanamke anapiga kelele, na kidole changu kiko juu ya kimo cha mwanangu. Sijui nilisimama muda gani. Kijana alisema, "Mama, ingia." Nikausukuma mlango wangu mwenyewe, nikaingia.

Mtoto alizaliwa karibu na alfajiri, wa kiume, amechoka lakini yu hai. Bibi yake ndiye aliyekuwa ameshika taa usiku kucha. Aliponimwagia maji ninawe, aliangalia chini, akasema, "Mlango huu ni wako. Tangu mwaka ule sikujua nianzie wapi." Nilitaka kumwambia kila kitu. Niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka saba yalikuwa mengi, na makali. Nikajikuta nasema, "Ongeza maji." Tukalia wote wawili, yeye akiwa bado ameshika kata.

Wiki hiyohiyo mumewe na mwanawe waliubeba mlango vichwani, wakakatiza nao katikati ya mahindi mchana kweupe, watu wote wakiona. Hilo la mchana kweupe lilinigusa kuliko mlango wenyewe. Wangeweza kuuleta usiku. Fundi alitaka kuukwangua rangi na kuulainisha ukingo. Nikamkataza asiuguse ukingo.

Yule mtoto alikua akija kwangu kuleta maziwa. Krismasi moja, amefikisha miaka mitano, aliona zile alama akaniuliza ni za nini. Nikamwambia zilivyo, na ya nani ni ipi. Akaenda mwenyewe akasimama pale, mgongo wake kwenye mbao, visigino pamoja, kidevu juu, jinsi wafanyavyo wote. Alikuwa ameipita ile ya chini kwa vidole viwili. Nikaingia jikoni nikachukua kisu, nikamkatia ya kwake.